Mzimu Amekosa Nini?

Tangazo la kifo huanza na "marehemu", neno la Kiarabu lililo dua kabla ya kuwa cheo: aliyerehemewa. Mtu mkubwa tunampa "hayati", ambalo asili yake ni uhai. Lakini babu huyohuyo akikutokea ndotoni na kudai pombe yake, hapo si marehemu tena wala hayati. Ni mzimu, na mchungaji anaitwa.

Neno hili la Kibantu lina ndugu wengi. Wakamba wana aimu. Wachewa wana mzimu kama sisi, tena Biblia yao imemtawaza: Roho Mtakatifu kwa Kichewa ni Mzimu Woyera. Kwetu ukoo huo umepata aibu. Zimwi linakula watu, wazimu ni kichaa, na mzimu kaachiwa mibuyu na makaburi. Nafasi ya heshima ilichukuliwa na "roho" kutoka Uarabuni.

Kuzimu, kwa mizimu, kukawa tafsiri ya Sheoli na Hadesi. Anayesali Imani ya Mitume hukiri kwamba Yesu alishukia huko. Sijasikia bado mahubiri yanayouliza alimkuta nani.

John Mbiti, Mkamba na kasisi wa Kianglikana, aliliona tatizo hili la majina. Katika African Religions and Philosophy (1969) alikataa kuwachanganya na mizimu mingine wale waliokufa karibuni. Akawaita kwa Kiingereza jina tunaloweza kulitafsiri "wafu-hai". Kuhusu wakati aliazima Kiswahili: maadamu yupo aliyemjua marehemu na kumtaja kwa jina, marehemu huyo yumo katika Sasa. Akiondoka wa mwisho kumkumbuka, anazama katika Zamani.

Kumbe mpaka wenyewe ni jina. Tambiko limegombaniwa miaka mingi kati ya madhabahu na mzimuni, lakini mtoto aliyeandikwa Petro kwenye cheti cha ubatizo bado nyumbani huitwa jina la babu yake, na mama humwita "baba" bila mzaha. Pwani mtoto na babu wenye jina moja wana neno lao: ni masomo, kila mmoja somo wa mwenzake.

Basi nikiulizwa istilahi ya wafu-hai, naanzia hapo. Somo yangu amelala kaburini; akiitwa, naitika mimi.