Tā moko

Tā moko ni sanaa ya jadi ya Wamaori wa Nyuzilandi ya kupamba mwili kwa michoro ya kudumu. Fundi wake, tohunga, hakutumia sindano bali uhi, patasi ndogo ya mfupa, mara nyingi wa ndege albatrosi. Aliigonga kwa kijiti, na kidonda kilipopona ngozi ilibaki na mifereji inayopapasika kwa kidole. Rangi nyeusi ilitokana na masizi ya kuni zenye utomvu. Aliyechorwa usoni alivimba midomo, naye alikuwa chini ya mwiko. Hivyo alilishwa chakula laini kwa faneli ya mbao yenye nakshi, ambayo yenyewe ni kazi ya sanaa.

Wanaume walichorwa uso na mapaja, wanawake hasa midomo na kidevu. Michoro ilieleza nasaba na cheo cha mtu, kiasi kwamba baadhi ya machifu walitia saini Mkataba wa Waitangi wa 1840 kwa kuchora sehemu ya moko zao. Moko ya kidevuni, moko kauae, imerejea kwa nguvu. Nanaia Mahuta, waziri wa mambo ya nje wa Nyuzilandi kuanzia 2020 hadi 2023, anayo.