Wanyonya Damu wa Pwani ya Dieppe

Walizomea, wakapiga kelele, kisha baadhi yao wakaanza kurusha vitu kwenye skrini. Ilikuwa Paris, mwishoni mwa Mei 1968. Mitaani wanafunzi walikuwa wamepambana na polisi kwa majuma kadhaa, na wafanyakazi kwa mamilioni walikuwa wamegoma. Ndani ya ukumbi, watu waliolipa ili watishwe na hadithi ya vampaya waliletewa picha ya nyeusi na nyeupe isiyo na kichwa wala miguu. Wahusika wanakufa, wanafufuka, wanakimbizana, na hakuna anayeeleza kwa nini. Filamu iliitwa Le Viol du vampire. Mwongozaji wake, Jean Rollin, alikuwa kijana wa miaka 29, na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza.

Laiti ingetoka mwezi mwingine, huenda ingepita kimya. Lakini kwa sababu ya ghasia wasambazaji wengi walizuia filamu zao mpya, na hii ndogo ikapata watazamaji ambao haikuwa imeandaliwa kwa ajili yao. Hata urefu wake ulikuwa wa bahati. Mwanzoni Rollin aliagizwa atengeneze filamu fupi ya kuonyeshwa pamoja na picha moja kuukuu ya Kimarekani. Mtayarishaji Sam Selsky alipoiona, aliipenda na kutoa fedha irefushwe. Tatizo ni kwamba wahusika walikuwa wameshauawa. Rollin akawafufua na kuendelea na sehemu ya pili.

Tangu hapo watazamaji wake wamegawanyika pande mbili, na la ajabu ni kwamba pande zote mbili huona mambo yaleyale. Waigizaji wanatembea polepole na kusema maneno machache kama watu waliotoka usingizini. Damu inaonekana wazi kuwa rangi. Mwanamke aliyevaa shela jeupe anapita kwenye ua wa kasri bovu, na hatujui atokako wala aendako. Upande mmoja unasema huu ni uvivu na ukata wa mtu asiyejua kazi yake. Upande wa pili unasema hivi ndivyo ndoto zilivyo, na kwamba filamu yenye fedha nyingi isingethubutu kuiacha ndoto bila maelezo.

Rollin hakuokota mtindo huu njiani. Alizaliwa mwaka 1938 Neuilly-sur-Seine, na mama yake, Denise, aliishi kwa miaka kadhaa na mwandishi Georges Bataille, hivyo mtoto alikulia karibu na watu wa fasihi na sanaa. Alipenda michoro ya Clovis Trouille, msurealisti aliyechanganya watawa, makaburi na wanawake walio nusu uchi katika rangi kali. Alimpenda mwandishi Gaston Leroux kiasi cha kuandika uchambuzi mrefu juu ya kazi zake. Alipenda pia filamu za mfululizo za kimya, zile ambazo Louis Feuillade alizipiga katika mitaa ya Paris mwaka 1915 na 1916. Hadithi za mfululizo zina kanuni yao: sehemu hii inaisha shujaa akiwa hatarini, inayofuata inaanza akiwa ameponyoka, na msomaji anayetaka sehemu ya tatu hapotezi muda kuuliza ameponyokaje. Rollin aliichukua kanuni hiyo na kuifanya sarufi yake.

Kwa kuwa hakuwa na fedha za kujenga mandhari, alitafuta mahali palipokwisha kujaa hadithi. Kasri zilizochakaa, makaburi, na zaidi ya yote ufuo wa Pourville, karibu na Dieppe katika jimbo la Normandy. Pana magenge marefu meupe ya chaki, kokoto, na safu za nguzo za mbao zilizoliwa na maji ya chumvi. Alipiga hapo filamu yake fupi ya kwanza, Les Amours jaunes, mwaka 1958, miaka kumi kabla hajamgusa vampaya yeyote. Akarudi hapo tena na tena kwa muda wote wa kazi yake, hata pale hadithi haikuwa na sababu yoyote ya kufika baharini. Mtu anayedai mantiki atakereka. Lakini hakuna seti ya studio ambayo ingeweza kuwa na upweke wa ufuo ule.

Akilini mwa wapenzi wake zimebaki picha moja moja. Katika Le Frisson des vampires ya 1971, saa kubwa ya kabati inafunguka usiku na mnyonya damu anatoka ndani yake, huku bendi ya vijana, Acanthus, ikipiga roki. Katika Requiem pour un vampire, wasichana wawili waliovaa mavazi ya vichekesho wanatoroka kwa gari, na sehemu kubwa ya mwanzo inapita karibu bila mazungumzo.

Filamu hiyohiyo ina sehemu isiyostahili kutetewa. Wasambazaji walitaka miili uchi, na Rollin aliwapa. Lakini maonyesho ya wanawake waliofungwa minyororo chini ya ngome ni marefu, ni ya ukatili, na hayaongezi lolote kwenye ndoto. Wanaomchukia kwa hilo wana haki. Aliifahamu vizuri nguvu ya soko: filamu yake Lèvres de sang ya 1975, iliyo miongoni mwa nzuri zaidi, ilikatwa upya na kuongezewa ponografia ili irudishe fedha.

Alipojaribu kuachana na masharti hayo, alilipa yeye mwenyewe. La Rose de fer ya 1973 haina hata vampaya mmoja. Kijana na msichana wanaingia makaburini mchana, giza linawakuta, njia ya kutokea inawapotea, na polepole msichana anaanza kuwapenda wafu kuliko walio hai. Ilipigwa katika makaburi ya La Madeleine, Amiens, alikozikwa mwandishi Jules Verne. Watazamaji waliikataa. Baada ya hasara hiyo Rollin alitengeneza ponografia kwa majina ya bandia, likiwemo Michel Gentil, ili apate riziki.

Ugomvi huu wa pande mbili ni wa zamani kuliko Rollin. Mdenmaki Carl Theodor Dreyer alionyesha filamu yake Vampyr mjini Berlin mwaka 1932, ikazomewa. Fedha zilitoka kwa baroni mpenda mitindo na starehe, Nicolas de Gunzburg, ambaye naye alipewa nafasi ya mhusika mkuu kwa jina la Julian West. Wengi wa waigizaji hawakuwa wa kazi hiyo. Mpiga picha Rudolph Maté alipitisha mwanga kwenye kitambaa cha shashi mbele ya lenzi, na ulimwengu mzima ukaonekana umefunikwa na ukungu. Miaka 11 ilipita kabla ya Dreyer kutoa filamu ndefu nyingine. Leo Vampyr inafundishwa vyuoni.

Kwa waongozaji wa miaka ya 1970, heshima ilipitia mlango wa nyuma. Muziki wa Vampyros Lesbos, filamu ya Mhispania Jess Franco ya 1971, ulitolewa upya mwaka 1995 ukapendwa na vijana ambao hawakuwa wameiona picha yenyewe. Miaka miwili baadaye Quentin Tarantino alitumia kipande cha muziki huo katika filamu yake Jackie Brown. Mwaka 2009 Uhispania ilimpa Franco tuzo ya heshima ya Goya. Rollin naye aliokolewa na kanda za video: kampuni ya Redemption ya Uingereza ilizisambaza filamu zake miaka ya 1990, na kitabu Immoral Tales cha 1994 kiliwapa wasomaji wa Kiingereza ramani ya sinema hizi za Ulaya. Alifariki Desemba 2010.

Mwaka 2017 kilitoka kitabu juu yake, Lost Girls, kilichoandikwa na wanawake pekee. Hilo lina uzito, kwa kuwa lawama kubwa dhidi yake ni namna alivyowatazama wanawake. Filamu zilezile zenye uchi wa kuuzia tiketi zimejengwa juu ya urafiki wa wasichana wawili wawili wanaolindana, na mara nyingi wanaume ni wapita njia tu. Katika La Morte vivante ya 1982, msichana anamletea rafiki yake wa utotoni aliyefufuka watu wa kuua. Anayelisha ndiye anayegeuka katili, na yule mfu ndiye anayeumia kwa kuwa hai.

Anayetaka kuanza asianze na ile iliyozomewa 1968. Aanze na Fascination ya 1979. Mwaka ni 1905, na mabibi wa Paris waliovaa nadhifu wanakunywa damu ya ng'ombe machinjioni kutibu upungufu wa damu, dawa iliyotumika kweli zama zile. Baadaye mwigizaji Brigitte Lahaie anasimama kwenye daraja la kasri akiwa na mundu wa mpini mrefu. Hadithi ya filamu hii inafuatika kwa urahisi, na haidai kiwango kilekile cha uvumilivu. Akiipenda hiyo, ahamie La Rose de fer. Huko ndiko atakakojua yuko upande gani.