Tundu la Kifandugu: Historia ya Kutibu Usaha Usiokauka Kisiwani Pemba

Sainasi ya pilonidali ni maradhi ya ngozi yanayotokea sehemu ya juu ya mwanya wa makalio, karibu na kifandugu, yaani ule mfupa mdogo unaomalizia uti wa mgongo, ambapo vipande vya nywele hupenya ngozi, vikazama chini yake na kuchimba njia nyembamba inayotoa usaha au majimaji kwa wiki, kwa miezi na pengine kwa miaka. Huwapata zaidi vijana wa kiume tangu kubaleghe hadi kiasi cha miaka thelathini, hasa wenye nywele nyingi mwilini na wale ambao kazi yao ni ya kukaa kitako, na mtu akishavuka miaka arubaini ni nadra kumwanza. Anayetafuta historia ya maradhi hayo kisiwani Pemba hatayakuta chini ya jina hilo la kitaalamu, kwa sababu kwa muda mrefu yalichukuliwa kuwa jipu la kawaida lililokataa kupona, au yaliingizwa katika nasuri, jina la jumla la kila tundu linalotiririsha uchafu kutoka ndani ya mwili, hasa lile la pembeni mwa njia ya haja kubwa. Basi habari zake zimo ndani ya historia ya jipu, ya nasuri na ya kidonda kisichofunga, nayo historia hiyo inaonyesha kwamba kisu kilikuwapo Pemba mapema kuliko inavyodhaniwa. Kilichopungua, zama baada ya zama, ni uangalizi wa kidonda baada ya kisu kupita.

Pemba iko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Unguja, ng'ambo ya mkondo wa bahari wenye kina kirefu, na utabibu wake ulilishwa na njia zile zile za majahazi zilizoleta vitambaa, tende na vitabu. Wamazrui wa Mombasa, waliokitawala kisiwa hicho kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, walikuwa na asili ya Rustaq nchini Oman, mji uliomtoa pia Rashid bin Umayra, mmoja wa matabibu mashuhuri wa Oman, ambaye aliandika vitabu vya tiba kabla ya ukoo huo kushika madaraka katika pwani ya Afrika Mashariki. Wabusaidi, ukoo wa masultani wa Oman na baadaye Zanzibar, walikitwaa kisiwa katika miaka ya 1820, kilimo cha mikarafuu kikaenea, na kimbunga cha mwaka 1872, kilichoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, kikaifanya Pemba kuwa shamba kuu la karafuu la usultani, lenye Waarabu wenye mashamba, wafanyabiashara wa Kihindi, watumwa waliotoka bara na Wapemba wenyewe. Katika mchanganyiko huo kulikuwa na elimu ya tiba iliyoandikwa kwa Kiarabu, na walimu wa pwani walikitumia sana Kitab al-Rahma, kitabu cha tiba kinachonasibishwa kwa al-Suyuti, ambamo dawa za mimea, dua na ushauri wa chakula husomwa pamoja bila kutenganishwa.

Elimu hiyo ilikuwa na mapokeo yake ya upasuaji. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake Al-Tasrif namna ya kupima tundu la nasuri kwa kijiti chembamba cha chuma ili ijulikane linaelekea wapi, kisha kulipasua, kulichoma kwa chuma cha moto au kulipitishia uzi na kuukaza kidogo kidogo mpaka nyama ikatike. Wahindi walikuwa na uzi wao, uliopakwa dawa kali za mimea, na Wachina pia waliandika juu ya uzi kama huo katika zama za wafalme wa Ming, kiasi kwamba mataifa matatu yaliyofanya biashara katika Bahari ya Hindi yalifikia mbinu moja kwa tatizo moja. Hata hivyo uzi ulifaa nasuri iliyounganika na utumbo mpana, ambayo ina milango miwili, mmoja ndani na mmoja nje; sainasi ya pilonidali kwa kawaida haifiki kwenye utumbo, nayo huhitaji kufunguliwa na kusafishwa wala si kufungwa uzi, ingawa kwa jicho la mtu aliyelitazama tundu kwa nje tu, maradhi haya mawili yangeweza kufanana sana.

Katika maisha ya kila siku ya kijiji, kazi ya mikono haikufanywa na msomi wa vitabu bali na watu wenye ujuzi mahususi: kinyozi, fundi wa kuumika, yaani kuvuta damu kwa pembe iliyobandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa, ngariba wa jando, na mganga wa mitishamba. Jipu lililovimba juu ya makalio lilikandwa kwa maji ya moto na kubandikwa dawa mpaka liive, na lilipolainika katikati lilitumbuliwa kwa kijembe, likakamuliwa, na maumivu ya kukaa kitako yakapungua siku ile ile. Hapo mgonjwa alijiona amepona, na kwa jipu la kawaida alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Waandishi wa kigeni waliofika au kupita karibu na Pemba hawakuvutiwa na kazi hii ya kijembe na maji ya moto. Walichokitafuta ni uchawi, na Evelyn Waugh alikieneza kisiwa hicho kwa sifa hiyo katika kitabu chake cha safari, Remote People, cha mwaka 1931. Hasara ya mtazamo huo ni kubwa kuliko kejeli yake, kwa sababu uliacha nje ya maandishi ufundi wa kawaida uliowahudumia watu wengi zaidi kuliko uganga wowote wa majini.

Ufundi huo ulikuwa na upungufu mmoja, nao haukuwa wa Pemba peke yake. Jipu la kifandugu likitumbuliwa, usaha hutoka lakini nywele hubaki chini. Ngozi ya juu hufunga haraka kwa sababu pande mbili za mwanya hugusana na kulowana jasho, na shimo lililobaki ndani hujaa tena. Kidonda cha mahali hapo hakina budi kupona kutoka chini kwenda juu: kila siku huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hujazwa kipande cha shashi kilicholegezwa mpaka kwenye kina chake ili midomo yake isikutane mapema, na nywele za kandokando huondolewa zisiangukie ndani. Kazi hiyo yaweza kuchukua wiki sita au zaidi, na mgonjwa hawezi kuifanya mwenyewe kwa kuwa hawezi kukiona kidonda chake.

Ulaya na Marekani zenyewe zilichelewa kulielewa jambo hilo. Herbert Mayo wa Uingereza alieleza tundu lenye nywele la sehemu hiyo mwaka 1833, A. W. Anderson wa Marekani akaandika mwaka 1847 juu ya unywele aliouchomoa katika kidonda, na Richard Hodges wa Boston akayapa maradhi jina lake mwaka 1880 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kilatini, unywele na kiota. Kwa muda mrefu baada ya hapo madaktari waliamini kuwa ni kasoro ya kuzaliwa nayo, mabaki ya mimba yaliyosahaulika chini ya ngozi, na imani hiyo iliwafanya wakate nyama nyingi mpaka kwenye mfupa ili wasiache chochote. Matokeo yake yalionekana katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati askari wa Marekani karibu 80,000 walipolazwa kwa ajili ya maradhi haya, wengi wao kwa muda mrefu, na daktari Louis Buie akayaita mwaka 1944 maradhi ya jipu, yaani lile gari dogo la kijeshi na wala si uvimbe, kwa sababu yaliwaandama madereva waliorushwarushwa vitini katika njia mbovu. Ni katika miaka hiyo pia ambapo tundu lenye nywele liligunduliwa kati ya vidole vya vinyozi, mahali ambapo hakuna mabaki yoyote ya mimba, na mwaka 1946 Patey na Scarff wa London wakatoa hoja kuwa nywele hutoka nje na kuingia ndani. Kukata mpaka mfupani, kwa maneno mengine, kulikuwa jawabu la swali ambalo halikuwapo.

Pemba ya zama za ukoloni haikuguswa sana na mjadala huo. D. R. O'Sullivan-Beare, makamu wa balozi wa Uingereza kisiwani katika miaka ya 1890, alikuwa daktari kwa taaluma, lakini taarifa zake zinazokumbukwa ni za watumwa na mashamba. Baadaye palikuwa na hospitali za serikali Chake Chake na Wete, na aliyekutana na mgonjwa wa kidonda mara nyingi zaidi ni dresa, msaidizi aliyefundishwa kuosha vidonda na kuvifunga, ambaye historia za utabibu humtaja kwa sentensi moja tu ingawa ndiye aliyeshika ufunguo wa tiba yenyewe. Kilichowavuta watu hospitalini, Pemba kama kwingineko Afrika Mashariki, ni sindano ya buba, maradhi ya ngozi yenye vidonda yaliyoenea sana vijijini, ambayo baada ya sindano hiyo yalionekana kukauka kwa siku chache. Sifa ya sindano ikapanda, na kidonda cha kujazwa shashi kila asubuhi kikaonekana tiba ya polepole isiyo na thamani.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka huo huo, na timu zilizofuata, ambazo kwa miongo mingi zimetoka jimbo la Jiangsu, ziligawanywa kati ya Unguja na Pemba, ambako kituo chao kimekuwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Kwa njia hiyo upasuaji wa nusu kaputi, yaani wa kumlaza mgonjwa usingizi kwa dawa, ulipata makazi kisiwani. Ni sadfa tu kwamba mwaka huo wa 1964 madaktari Maurice na Greenwood walichapisha Uingereza njia ya kutibu sainasi kwa kutia fenoli, kemikali kali, ndani ya tundu baada ya kuondoa nywele, bila kukata nyama. Yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu ambayo Pemba huyakamua huko Wawi, ni ya ukoo wa fenoli kikemia, na watu wa pwani hutuliza jino kwa karafuu. Lakini fenoli safi huunguza ngozi, na ukoo huo haumpi mtu ruhusa ya kumimina mafuta ya karafuu katika kidonda.

Upasuaji wa sasa umeacha mshono wa katikati ya mwanya, ambao hufumuka mara kwa mara. George Karydakis, daktari wa jeshi la Ugiriki aliyepasua maelfu ya askari na kuchapisha njia yake mwaka 1973, aliuhamisha mshono pembeni ili mwanya uwe na kina kidogo. Wengine hugeuza kipande cha nyama chenye umbo la msambamba kwa njia ya Limberg wa Leningrad. Na John Bascom wa Marekani alifuata njia nyepesi ya kutoa vitundu vidogo tu. Habari iliyo karibu zaidi na maisha ya Pemba, hata hivyo, ni ya nywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wagonjwa walioendelea kunyoa sehemu hiyo kwa wembe baada ya kupasuliwa walirudiwa na maradhi zaidi kuliko wasionyoa, na uchunguzi wa Wajerumani katika muongo uliofuata ukaonyesha kuwa nywele nyingi zinazokutwa ndani ya tundu ni fupi, zina ncha kali, na zinafanana na za kisogoni, yaani zimeanguka kutoka kichwani, zikateremka mgongoni na kutulia katika mwanya. Kinyozi wa kale wa pwani alizoea kunyoa kichwa chote kwa wembe na maji, nywele zikashikamana na povu; mashine ya umeme ya leo hurusha vipande vikavu kwenye kola ya shati, na yaelekea kwamba kijana anayeoga mara tu atokapo kwa kinyozi anajikinga kuliko anayerudi kazini na kukaa kitini mpaka jioni.

Maradhi haya hupatikana kwa uchache zaidi kwa Waafrika wenye asili ya kusini mwa Sahara kuliko kwa watu wa Mashariki ya Kati na Ulaya, lakini kisiwa chenye nasaba zilizochanganyika kama Pemba hakipimwi kwa kanuni ya bara zima. Haya pia ina nafasi yake. Uchi una sitara, kijana hukaa na tundu lake miezi kadhaa akidai ni jasho, na msichana huona afadhali avumilie kuliko kutazamwa na daktari wa kiume, ilhali tundu lililowahiwa likiwa moja hufunguliwa kwa ganzi ya mahali pamoja, na lililoachwa mpaka likatoa matawi huhitaji kitanda cha upasuaji. Kisiwa kina urefu wa kiasi cha kilomita 67, kwa hiyo mgonjwa wa Micheweni aliyepasuliwa Mkoani hawezi kurudi huko kila asubuhi kubadilishwa shashi. Kidonda chake huangukia mikononi mwa muuguzi wa zahanati ya jirani, au mwa kaka yake aliyeonyeshwa mara moja tu namna ya kuijaza shashi mpaka chini bila kuikaza.