Usukani wa kulia: deni langu la Kidato cha Pili

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana kwelikweli. Leo nimerudi kulipa deni.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, dogo mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza: "Mwalimu, Marekani usukani uko kushoto. Mbona kuna Ford zenye usukani kulia?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba Waingereza waliwalazimisha kwa sheria. Jamani, nilikuwa nimebuni tu! Kurudi chuo nikaingia maktaba, na mambo yako hivi.

Model T ilipotoka mwaka 1908 ilikuwa na usukani kushoto. Mwaka 1911 Ford wakafungua kiwanda Manchester, wakawa wanaunganisha magari hukohuko na kumwekea Mwingereza usukani kulia. Sababu ni ya kawaida tu: ukiendesha kushoto mwa barabara, ukikaa kulia unaona vizuri gari linalokuja kabla hujalipita la mbele.

Ila kilichowafanya wajenge viwanda vikubwa ni pesa. Mwaka 1915 Uingereza iliweka ushuru wa theluthi moja ya bei kwa magari ya nje. Mwaka 1921 ikaja kodi ya pauni 1 kwa kila nguvu farasi, hesabu ikifuata upana wa silinda. Injini kubwa za Kimarekani ziliumia hapo. Basi ikawa afadhali kutengeneza gari la Kiingereza Uingereza kwenyewe: General Motors wakainunua Vauxhall mwaka 1925, Ford wakafungua Dagenham mwaka 1931. Makoloni mengi nayo yalihudumiwa na Ford ya Kanada, maana Kanada ilikuwa ndani ya himaya na ushuru wake ulikuwa nafuu.

Na sisi tumo. Ford Cortina iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1964 ilikuwa Ford ya Uingereza. Jina la Mmarekani, gari la Dagenham.

Kwa hiyo dogo, kama unapita hapa, nisamehe. Hawakushikiwa fimbo, walipiga hesabu. Na mimi nimejifunza kwamba kusema "sijui, nitakuletea jibu kesho" hakumpunguzii mwalimu heshima, kudanganya darasa ndiko kunakompunguzia.

Haya wadau, nawahi foleni ya msosi. Tuonane tena!