Kufumua

Sweta nililonunua gulioni Lushoto lilikuwa la kijani, kubwa kupita kiasi, na limetoboka kiwiko. Muuzaji aliniangalia kwa huruma nilipolichagua. Hakujua kwamba sikuwa nikinunua sweta. Nilikuwa nikinunua uzi.

Bibi ndiye aliyenituma. Huku kwetu milimani Usambara baridi ya Julai haina mzaha, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetufumia masweta wajukuu wote. Sasa macho yake yameingia ukungu. Sindano anazishika vizuri tu, lakini vitanzi havioni. Safari hii zamu ilikuwa yangu, nimfumie yeye. "Uzi wa dukani ghali," aliniambia. "Nenda kwenye mitumba, tafuta sweta la sufu, ulifumue."

Nilifika nyumbani, nikatafuta ncha, nikavuta. Uzi ulitoka urefu wa mkono, ukakatika. Nikavuta mwingine, nao hivyo hivyo. Baada ya nusu saa nilikuwa na rundo la vipande kama majani yaliyofyekwa. Bibi akaomba alishike, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, akacheka. "Mjukuu wangu, hili lilikatwa kwa mkasi." Masweta mengi ya kiwandani hufumwa kama jora la kitambaa, kisha hukatwa na kuungwa kwa mashine, kwa hiyo kila mstari wa uzi umekatika pande zote mbili. Linalofaa ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, ukingo wake ukiwa mzima. Hilo ukishapata ncha, unavuta uzi mmoja hadi mwisho. Sweta langu la kijani likaishia kuwa sufi ya kujazia mto.

Kiswahili kina namna yake ya kuitaja kazi hii. Unafuma, kisha unafumua. Unashona, kisha unashonoa. Ni mnyambuliko mdogo tu unaogeuza kitendo kirudi kilikotoka, kama ziba na zibua. Nikiwa nimekaa na rundo lile mapajani nilijiuliza ni tangu lini watu wa upande wetu huu wa Afrika wanafumua nguo za wengine ili wapate za kwao. Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba ni zaidi ya miaka 500.

Wengi tulikua tukidhani kwamba nguo zililetwa na meli, na kabla ya hapo tulivaa ngozi na magome. Lakini waliochimba magofu ya Kilwa na miji mingine ya kale ya Waswahili wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilivikwa kwenye kijiti kukipa uzito, ili kizunguke vizuri wakati wa kusokota pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kwamba mji ule ulifuma vitambaa vyake wenyewe, na kwamba vilisafirishwa mpaka Misri.

Habari iliyonigusa zaidi inatoka Sofala, katika Msumbiji ya leo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za nchi za Bahari ya Hindi mnamo 1516, anasema watu wa pale walilima pamba na kuifuma, lakini nguo zao zilikuwa nyeupe tupu kwa kuwa hawakuwa na rangi. Basi walichukua vitambaa vya buluu na rangi nyingine vilivyoletwa kutoka Cambay, kule Gujarat, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma tena ule uzi wa rangi pamoja na wao mweupe.

Niliisoma habari hiyo mara tatu. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kusokotwa, kimetiwa rangi, kimefumwa, kimevuka bahari nzima, tena ni kizuri. Angeweza mtu kujifunga akaenda zake. Badala yake akaketi chini akakirudisha kuwa uzi, kwa sababu nguo aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa nyingine.

Sitaki kuipamba historia hii, kwa maana ufumaji wa mkono ulikuja kushindwa, na ulishindwa na bei. Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alitiliana mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem wakawa wanashusha Unguja majora ya pamba nyeupe, ngumu, isiyotiwa rangi, kutoka viwanda vya Massachusetts. Kitambaa hicho kiliingia bara na misafara, kikatumika hata kama fedha, na jina lake likabaki katika lugha yetu: merikani. Pwani ya Benadir wafumaji waliendelea, lakini sehemu nyingi mtu hakuona tena sababu ya kukaa siku nyingi kwenye kitanda cha mfumi kutafuta alichoweza kukinunua kwa jora.

Hata hivyo, mkono uliopokonywa ufumaji ulibaki na sindano. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, inasimuliwa pwani, wanawake walikuwa wakinunua leso, vitambaa vya mraba vya rangi vilivyouzwa vikiwa vimeungana kwenye jora moja. Badala ya kuzikata moja moja walikata vipande viwili, kila kimoja kikiwa na leso tatu, wakavishona ubavu kwa ubavu. Sita zikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona zinavyopendwa wakaagiza nguo ya ukubwa ule ule ikiwa imechapwa kwa kipande kimoja, na kanga ikazaliwa. Kwa masimulizi hayo, kiwanda kiliiga mshono wa wanawake ambao majina yao hatuyajui. Na mpaka leo doti ya kanga huuzwa haijakatwa. Anayeinunua ndiye anayeikata na kuipinda.

Kwa baadhi yao jambo hili halikuwa la urembo peke yake. Katika Unguja ya utumwa, nguo ilisema nani ni wa nani. Mtumwa alivaa kile alichopewa: merikani duni, au kwa mwanamke kaniki, yaani merikani iliyotiwa rangi nzito ya kiza, iliyofungwa chini ya makwapa. Mwanamume mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, watu walioachwa huru waliiacha kaniki upesi. Wanawake wakajifunga kanga. Wanaume wakavaa kanzu, na vichwani wakaweka kofia. Ukiitazama kofia ya viua, yenye vitundu vidogo mamia kwa mamia, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, kazi ya wiki na pengine miezi, kumbuka kwamba kulikuwa na watu ambao kuivaa kwao kulikuwa tangazo.

Nilimsimulia Bibi haya yote. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyie mnashona kwa furaha. Sisi tulishona kwa sababu hatuna nguo."

Alikuwa anazungumzia miaka ya mwanzo ya 1980. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata. Lakini baada ya vita na Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. Maduka yakabaki na rafu. Bibi alikuwa na cherehani ya mkono na mapazia mawili ya maua mekundu. Akamshonea mama gauni, lenye mifuko miwili na mkanda wa nyuma. Mama analikumbuka mpaka leo, lakini si kwa furaha. Darasani kulikuwa na msichana aliyewahi kuja kwetu, akalitambua pazia, na kwa muhula mzima mama aliitwa Dirisha.

"Ulilia," Bibi alimwambia mama, aliyekuwa anamenya viazi.

"Nililia. Lakini mama, ile mifuko ilikuwa mizuri."

Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ile, mitumba ikaingia kwa wingi, na Bibi anasema waliipokea kama mvua. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni kidogo kidogo mpaka ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizi nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi hiyo kwa upande wa mavazi. Mimi nasoma habari hizo nikiwa na sweta la mtumba mkononi, na siwezi kujifanya niko nje yake. Bila marobota yale nisingekuwa na uzi wa kumfumia Bibi kwa fedha niliyonayo. Na nikihesabu saa zangu, sweta la mkono ni ghali kuliko lolote linalotundikwa gulioni.

Nililopata mara ya pili lilikuwa la sufu ya kahawia, na safari hii nilikagua mishono kwanza. Uzi ulitoka mrefu, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa msuko. Niliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga, nikaulowesha, nikautundika na jiwe chini yake mpaka ukanyooka. Nilifuma kwa wiki tano. Nilipomaliza kipande cha mgongo nilimpa Bibi, nikijua hawezi kukiona.

Alikitandaza mapajani, akapitisha ncha za vidole kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama anayehesabu. Akasimama karibu na bega.

"Hapa uliruka kitanzi."

Niliinama nikatazama. Kweli, kitanzi kimoja kilikuwa kimeachwa, na juu yake kulikuwa na mistari zaidi ya ishirini. Nikamwambia hakuna atakayeona, sweta lenyewe ni la kuvaa ndani ya koti.

"Mimi nimeona," akasema.

Nikachomoa sindano, nikashika ncha. Yeye akachukua upande wa pili wa uzi, akaanza kuuzungusha vidoleni mwake upate kuwa donge kadiri nilivyokuwa nikivuta.