MPANGO WA TAIFA NA NYUMBA ZA BURUBURU



Kila mwaka kijitabu hiki huwa na hesabu za fedha, majina ya kamati na taarifa ya kazi zilizotendeka. Safari hii tumeona vema tuongeze habari za asili ya mtaa wetu, kwa kuwa vijana wengi waliozaliwa hapa hudhani kwamba nyumba hizi ziliota zenyewe kama uyoga. Sivyo. Buruburu ni tunda la mipango ya taifa. Mtu atakaye kujua jinsi mpango ulioandikwa ofisini unavyogeuka kuwa kuta na mapaa, na jinsi unavyoweza kukwama njiani, atapata mafundisho mengi papa hapa nyumbani kwake.

Yatupasa kuanza na hali ya zamani. Wakati wa utawala wa kikoloni, mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni katika mji wa Nairobi. Mara nyingi alipewa mahali pa kitanda, si nyumba. Na mshahara wake ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, ikidhaniwa kuwa mke na watoto wake walilishwa na shamba. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940, kisha zikafuata Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Lakini nyumba zilizomfaa mtu mwenye jamaa zilikuwa chache kuliko wenye haja, na karibu wote walikuwa wapangaji. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilishauri kwamba mshahara wa chini upandishwe hatua kwa hatua mpaka umtoshe mtu mzima mwenye mke na watoto. Ushauri huo ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu ulikiri kwamba Mwafrika angeishi mjini na kulea watoto wake mjini.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Serikali mpya ilitoa Mpango wa Maendeleo wa mwaka 1964 hadi 1970. Mwaka 1965 ukatolewa Waraka wa Serikali Nambari 10, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika kupanga uchumi, wakati Tom Mboya alipokuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Mwaka 1966 mpango wa kwanza ukasahihishwa ili uafikiane na Waraka huo. Shabaha yake kuu ilikuwa kukuza pato la nchi upesi, kwa kutumia akiba ya wananchi na mitaji ya kutoka ng'ambo pamoja, na kupeleka fedha kwanza mahali zitakapozaa haraka. Si wote waliokubali. Mchumi Barack H. Obama aliuchambua Waraka huo kwa ukali katika gazeti la East Africa Journal la Julai 1965. Swali la nani atakayefaidi maendeleo lilikuwako tangu siku za kwanza.

Katika jambo la makao, Umoja wa Mataifa uliwatuma wataalamu wawili, Lawrence Bloomberg na Charles Abrams, nao wakatoa taarifa yao mwaka 1965. Serikali ikafuata kwa kutangaza siasa yake ya nyumba, na mwaka 1967 likaundwa Shirika la Taifa la Nyumba. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Serikali na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola walikuwa wamekwisha kuanzisha kwa ubia Kampuni ya Fedha za Nyumba ya Kenya, ili mwananchi aweze kukopa, akanunua nyumba na kuilipia kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Twaomba wasomaji wakitazame chombo hicho cha mkopo kwa makini, maana bila hicho Buruburu haingekuwako. Mpango wa taifa huweza kusema, "Nyumba zijengwe," lakini maneno hayo hayasimamishi hata jiwe moja. Sharti iwepo ardhi, na Baraza la Jiji lilikuwa nayo upande huu wa mashariki. Sharti iwepo fedha ya kumlipa mjenzi kabla mnunuzi hajatoa senti, na hiyo ilitoka kwa Serikali na kwa Shirika la Jumuiya ya Madola. Sharti awepo mwenye kumkopesha mnunuzi, na hiyo ilikuwa kazi ya Kampuni ya Fedha za Nyumba. Mwisho sharti awepo mnunuzi mwenyewe, mwenye mshahara wa kila mwezi. Mahali pengi mipango iliandikwa vizuri ikalala, kwa sababu moja tu kati ya hizo nne ilikosekana. Hapa zote nne zilikutana.

Kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa michoro ya wasanifu wa kampuni ya Mutiso Menezes, ikaendelea kwa awamu tano hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jumla zilijengwa nyumba zipatazo 4,700. Hazikupangwa kwa mistari mirefu kama kambi, bali zilizunguka nyua, ili watoto wacheze mbali na magari na mama aweze kuwaona akiwa mlangoni. Wakati huo mji ulikuwa ukijaa upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha wakazi 509,286 katika Nairobi, na ile ya mwaka 1979 ikaonyesha 827,775.

Lakini wazee husema, mipango si matumizi. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na gharama za ujenzi zikapanda pia. Bei za nyumba zikaongezeka kadiri awamu zilivyofuatana. Tena, mkopo wa rehani ulimtaka mtu aonyeshe karatasi ya mshahara. Karani, mwalimu na muuguzi waliweza kuingia. Muuza makaa, fundi wa jua kali na mama wa sokoni walibaki nje, hata kama walikuwa na bidii sawa. Kwa ajili ya watu kama hao ulianzishwa mradi wa Dandora mwaka 1975, kwa msaada wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000 vilivyokusudiwa kupewa maji na mifereji ya maji machafu, mwenye kiwanja ajijengee vyumba kwa nguvu zake. Basi Buruburu na Dandora ni ndugu wawili waliozaliwa na haja moja, ila mmoja alipewa nyumba iliyokwisha na mwingine akapewa msingi.

Yaliyofuata yanatuhusu zaidi. Mpango ulitaja idadi ya nyumba za kujengwa, lakini kuzitunza kuliachiwa wengine. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, na mji ukaendeshwa na tume iliyoteuliwa mpaka uchaguzi wa mwaka 1992. Katika miaka hiyo na iliyofuata maji yalipungua, taka zikarundikana, na viwanja vya umma katika mji vikamegwa. Taarifa ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini kote. Nasi wenyewe wakazi hatukukaa bure: tuliongeza vyumba, tukajenga maduka mbele ya nyumba, tukaweka malango kwenye nyua zetu. Baadhi ya mambo hayo yalileta riziki na usalama. Mengine yaliziba njia na kulemea mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya jamaa mmoja kila nyumba.

Twatoa mafundisho gani? La kwanza, mpango usiotenga fedha ya matengenezo ni nusu ya mpango. La pili, mwenye kupanga hana budi kuuliza ni nani asiyeweza kupita katika mlango alioufungua. La tatu, mpango huharibika pale wananchi wanapoungoja kama mvua. Katiba ya mwaka 2010 imewapa wananchi haki ya kushirikishwa katika mambo ya fedha za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaagiza kila kaunti iwe na mpango wake wa maendeleo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 nayo ilianzisha tozo la asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya kujenga nyumba. Watu wanaolipa wana haki ya kuuliza maswali yale yale ya mwaka 1965: nyumba hizo ni za nani, na nani atazitunza?

Kwa hiyo tunawasihi wanachama wasikose mikutano ya wadi wakati mpango na bajeti ya kaunti inapojadiliwa, wahifadhi hati za nyumba zao mahali salama, na walinde viwanja vya wazi vilivyosalia. Wazee wanaokumbuka siku za awamu ya kwanza tunawaomba wawasimulie vijana, ili habari hizi zisipotee. Nasi katika Chama tutaendelea kufanya sehemu yetu.