Picha ya 1972, na Picha Tuliyoikosa

Leo tunaongea juu ya picha: nani anaamua ipi ionekane na ipi ifichwe?

Tuanzie mwaka 1972. Tarehe 8 Juni, huko Vietnam, ilipigwa picha ya mtoto wa kike akikimbia uchi, ngozi imeungua kwa napalm. Ilizunguka dunia nzima.

Wiki chache kabla, tarehe 29 Aprili, waasi walishambulia na kuua watu kwetu, ufukweni mwa Tanganyika, Rumonge na Nyanza-Lac. Kisha serikali ikaua watu wengi zaidi, nchi nzima. Wazee wetu wakakimbilia Tanzania; wengi waliishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wewe unaikumbuka picha gani ya siku zile? Wengi wetu tuna maneno ya babu na bibi tu. Mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya Karuzi na kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari.

Mwaka 2016 Facebook ikaifuta ile picha ya Vietnam, kwa kuwa mtoto yuko uchi. Gazeti la Aftenposten la Norway likapinga. Waziri mkuu Erna Solberg akaiweka, yake nayo ikafutwa. Tarehe 9 Septemba kampuni ikakubali kuirudisha. Lakini mvuvi wa Minago picha yake ikifutwa, waziri mkuu gani atamtetea?

Kwetu mlango ulifungwa pande mbili. Mwishoni mwa Aprili 2015 serikali ilizuia WhatsApp na Facebook kwenye simu. Tarehe 13 na 14 Mei, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance zilishambuliwa, zikanyamaza. Hapo waandishi wakaanzisha SOS Médias Burundi kwenye mitandao ileile. Simu ikawa redio. Ila pamoja na habari za kweli zilikuja pia picha za maiti zisizo na tarehe wala mahali, na kila upande ukazitumia kuchochea hasira.

Kwa hiyo kufuta si ubaya siku zote. Maiti ni mtoto wa mtu. Mama hapaswi kujua msiba wake kwenye simu ya jirani. Hata wanaofuta wanaumia: mwaka 2023, vijana zaidi ya 180 waliokuwa wakikagua picha za Facebook huko Nairobi walifungua kesi, wakieleza jinsi kazi hiyo ilivyowajeruhi akilini.

Basi tufanyeje? Kuhifadhi ni jambo moja, kusambaza ni jambo jingine. Ukiwa na picha ya tukio, itunze ile ya kwanza bila kuikata. Andika mahali, tarehe na aliyeipiga. Usiitupe kwenye kundi; mpe mtu unayemwamini mwenye kazi ya kutunza ushahidi. Usitegemee kampuni ikutunzie, maana inaweza kuifuta usiku mmoja. Na ukiletewa picha, uliza kwanza: ni wapi, ni lini?

Swali la kikundi: wajukuu wetu wakiuliza tulivyokimbia, tutawaonyesha nini, na nini tutawafunika kwa heshima ya marehemu?

Jadilianeni. Tukutane kipindi kijacho.